Masanduku Ulingoni

Katika nyumba ile ubishi haukumalizwa mezani. Ulishushwa chini ukumbini, ukavishwa glovu, ukapigiwa kengele. Mzee Radi aliwalea hivyo wanawe wawili tangu wakiwa hawajui kufunga kamba za viatu, na hata walipokuwa watu wazima wenye biashara, ulingo uliendelea kusimama chini, mafundi wa picha wakifanya kazi juu, na ngazi ikiwa katikati. Kazi yao ilikuwa kurekodi mapambano ya ngumi, kuyakata, kuyaunga, na kuyauza kwa vituo vya televisheni na kwa klabu zilizotaka kuwasoma wapinzani wao.

Ubishi wa mwisho ulikuwa wa rangi ya gari la kazi. Nondo, kaka mtu, alitaka kijani. Sindano, mdogo wake wa kike, alitaka nyeupe. Gari lilipakwa kijani, na Sindano akashonwa taya kwa waya. Mwezi mzima alikula kwa mrija, na kila lile gari lilipoingia getini alilikazia macho kama anayetazama aliyemwibia.

Sasa ulikuja ubishi mkubwa kuliko wa gari.

Kwa miaka yote picha zao zilikaa kwenye diski, na diski zilibebwa kwenye beseni kutoka chumba kimoja hadi kingine, kama mboga. Siku moja fundi alijikwaa ngazini. Beseni liliruka, diski zikabingirika hadi chini, na pambano zima la ubingwa likafia sakafuni. Kituo kilichokuwa kinalisubiri kilisema jambo hilo likitokea tena, kila mtu ashike njia yake. Ndipo Mzee Radi akaamuru itafutwe sehemu moja ya kuwekea picha zote, ambayo mafundi wote sita wataifikia kwa wakati mmoja, kila mtu akiwa kitini kwake.

Nondo alichagua sanduku moja kubwa la diski, la kuchomekwa kwenye mtandao ule ule wa ofisi uliokuwa tayari ukutani. Sindano, aliyekuwa fundi wa mitandao, alilicheka. Yeye alitaka hifadhi iwe na mtandao wake peke yake, nyaya za nyuzi za kioo, njia mbili kutoka kwa kila fundi hadi kwenye diski, na swichi mbili za kuzigawa, ili njia moja ikikatika picha zipite nyingine.

"Unajenga barabara ya lami kupitisha baiskeli," Nondo alimwambia.

"Baiskeli sita, kaka, na zote zina mbio. Halafu mhasibu wako anapakua vichekesho vyake humo humo. Waya wako mmoja ukikatwa tumelala wote, na wewe mbele yetu."

Walibishana wiki nzima. Mzee aliwasikiliza mdomo wazi, hakuelewa hata nusu. Kichwa chake kilikula ngumi nyingi enzi zake, na sasa kilikuwa kinadai. Majina yalimtoroka. Ulimi ulimlemea. Kila asubuhi alikaa mbele ya kioo cha televisheni akitazama mapambano yake ya zamani, na akishajiona akipiga na kupigwa, uso ulimrudia, akawaita watoto kwa majina yao. Umeme ulipowahi kukatika siku chache, alimuuliza Sindano kwa adabu zote yeye ni binti wa nani.

Lakini kupigwa alikuelewa. Alinyanyua mkono wake unaotetemeka na kutoa hukumu: kitu kisichojua kupigwa hakitaingia nyumbani kwake. Na kwa kuwa taya la Sindano lilikuwa bado halijapona sawasawa, safari hii chuma ndicho kipigwe. Kila mmoja ajenge mtambo wake ulingoni, mwenzake aushambulie. Raundi ya kwanza nyaya, ya pili diski, ya tatu nyundo. Picha zichezwe kwenye vioo viwili kando ya ulingo, na picha itakayosimama ihesabiwe hadi kumi kama mtu aliyeangushwa. Ndani ya masanduku, akasisitiza, ziwekwe nakala tu.

Hapo kwenye nakala ndipo Nondo alipoharibu.

Sanduku lake lilifika likiwa na diski pungufu, na muuzaji akaomba asubiriwe. Nondo kusubiri? Dada yake angesema ameogopa. Basi alifungua kabati zilimokaa diski za mzee, akayahamishia mapambano yake yote ndani ya sanduku jipya, akazifuta zile diski kuukuu na kuzipachika kwenye matundu yaliyobaki. Sanduku likajaa, likawaka taa za kijani kibichi, likapendeza. Kwenye kioo chake aliweka pambano la ubingwa la mzee, ili ukumbi mzima umwone Radi akiwa Radi. Kwingineko duniani pambano lile halikuwepo tena, wala mengine yote. Hakumwambia mtu. Alijiambia kwamba sanduku lake halitaanguka, kwa hiyo hakuna cha kusema.

Siku ilipofika mafundi walishuka wote, wakazunguka kamba. Fundi sauti, mtu wa maneno mengi, alishika kengele.

Nondo alianza. Alipanda na koleo, akaukata waya wa kwanza wa dada yake kama anayekata koo la kuku. Kioo cha Sindano kiliganda. Mzee alisema moja, akasema mbili, na picha ikaendelea kana kwamba imekohoa tu. Nondo akaing'oa swichi moja na kuitupa chini, akaikanyaga kwa kisigino hadi ikatoa vipande vya plastiki. Picha ilikuwa inacheza. Jasho likamtoka, akaipiga teke maiti ya ile swichi, na fundi sauti akamkumbusha kwamba aliyelala hapigwi.

Zamu ya Sindano ilikuwa fupi. Alichomoa waya mmoja kwenye sanduku la kaka yake, akaukata vipande viwili, akashuka. Mzee Radi aliyekuwa kiooni, kijana, ngozi inang'aa, aliganda ngumi ikiwa hewani. Mzee Radi aliyekuwa kitini akaanza kuhesabu. Nondo alitafuta waya mwingine akiwa amepiga magoti, akauchomeka kwenye nane. Mafundi walipiga makofi. Alisimama akitabasamu.

Raundi ya pili alizing'oa diski mbili za dada yake kwa nguvu zilizopinda fremu, vyuma vikamchana kiganja, damu ikadondokea turubai. Picha haikutikisika. Sindano aliweka kila kitu mara mbili, sehemu mbili. Kisha akapanda yeye, mwembamba, taya limeinama kidogo upande wa kushoto, upande ambao Nondo alikwepa kuuangalia.

Alichomoa diski moja. Taa nyekundu ikawaka, sanduku likaanza kulia mlio mwembamba kama mbu. Picha ikawa nzito, lakini ilitembea. Sanduku lile liliweza kupoteza diski moja likaishi. Ikitoka ya pili, vyote vilivyomo vimekwenda, na hakuna fundi wa kuvirudisha. Nondo alilijua hilo kama anavyojua jina lake. Akamwona dada yake ananyoosha mkono kwenye tundu la pili.

Hakuwaza. Mkono wake wa kulia ulikwenda wenyewe, ngumi tupu isiyo na glovu, ikatua palepale ilipotua kwenye ubishi wa gari. Mlio wake uliwafanya mafundi wafumbe macho. Sindano alianguka kifudifudi, na mguu wake mmoja ukawa unakwaruza turubai kama unatafuta ngazi.

Mzee akahesabu. Hakuhesabu kwa hasira, alihesabu kwa mazoea. Kwenye tatu Sindano alitema jino. Kwenye tano alishika kamba. Kwenye saba alikuwa wima, kidevu chekundu, macho makavu.

"Hiyo haikuwa kwenye ratiba," alisema fundi sauti, na kwa mara ya kwanza hakuna aliyecheka.

Mzee alimnyooshea Nondo kidole. Rafu. Raundi imekatwa, diski ya pili imesamehewa, na nyundo anaipata Sindano sasa hivi, apige anapotaka.

Ilikuwa nyundo ya kuvunjia mawe, mpini mrefu. Sindano aliinyanyua kwa mikono miwili. Kwenye kona ya Nondo lilining'inia taulo jeupe. Kulitupa ingetosha. Neno moja lingetosha. Lakini katika nyumba ile hakuna aliyewahi kutupa taulo, na Nondo aliona bora afe kuliko kuwa wa kwanza, tena mbele ya mafundi anaowaamuru, tena kwa dada yake.

Nyundo ikapanda. Nondo akaruka, akaulaza mkono wake wa kulia juu ya sanduku.

Sindano aliuona mkono akiwa amechelewa tayari. Aliikengeusha nyundo kidogo, ndiyo maana haikupasua sanduku katikati. Ilisaga vidole vya kaka yake, ikateleza, ikabonyeza pembe ya chuma. Mifupa ilivunjika kwa sauti ya mtu anayekanyaga vijiti vikavu. Damu ikamwagika juu ya taa za kijani. Na kwenye kioo, Radi kijana akaganda.

"Moja," mzee akasema.

Alikuwa anajihesabia mwenyewe. Aliitazama sura yake iliyoganda na kuihesabia kama mtu aliyelala chini. Mbili. Tatu. Nondo, aliyewahi kupasuliwa nyusi bila kupepesa, alisikia zile namba zikimwingia mbavuni. Kwenye tano alijikokota hadi kona yake, akalivuta taulo kwa mkono wa kushoto, akalitupa katikati ya ulingo. Lilitua bila sauti.

"Hakuna nakala," alimwambia dada yake. "Mzee yumo humu. Ndiyo hiyo tu iliyopo."

Sindano aliitupa nyundo nje ya kamba. Alipiga magoti kwenye damu, akapapasa pembe iliyobonyea, akakuta tundu la waya limepasuka. Akaubana waya kwa kidole gumba. Mzee alikuwa amesema tisa pale picha iliposhtuka na kuendelea.

Baadaye mafundi walisimulia kwamba hapo ndipo Sindano angeweza kumuua, na wangemshuhudia kwamba alikuwa na haki. Yeye alimvuta Nondo kwa kola, akamkalisha sakafuni, akamwekea waya kwenye mkono mzima. Maneno yalimtoka na damu.

"Bana hivyo hivyo. Ukilegeza, umemuua. Hospitali utakwenda mimi nikishamaliza."

Alivuta nyaya zake mwenyewe, njia ile iliyobaki baada ya koleo la kaka yake, na kuanza kuyahamisha mapambano ya mzee kutoka sanduku linalokufa kwenda kwenye mtambo wake. Nondo alikaa amebana. Mkono wa kulia ulivimba ukawa kama mkate, ukabadilika rangi, maumivu yakipanda hadi kwapani na kurudi. Alitapika mara moja, pembeni, bila kusogeza kidole gumba. Pambano moja likavuka. La pili likavuka. Diski kuukuu zilianza kugonga ndani kama mtu anayebisha hodi kwa ukucha.

La ubingwa ndilo lilikuwa la mwisho. Mzee alisogeza kiti chake hadi pembeni ya Nondo, akalitazama likivuka. Raundi ya saba, ya nane. Kengele ya kumaliza ya tisa ilipolia, diski ikagonga kwa nguvu, ikanyamaza. Mlio wa mbu ukakatika. Kioo kikawa cheusi.

Sindano alijaribu yote anayoyajua, kisha akatikisa kichwa. Raundi ya kumi haikuvuka.

Hakuna aliyeuliza tena mtambo upi utaingia nyumbani. Fundi sauti alinong'ona kwamba, wakati ni huo huo, na gari nalo lipakwe nyeupe. Sindano alijipangusa kidevu, akasema litapakwa kesho. Nondo hakubisha.

Mzee ndiye aliyebaki akikikodolea macho kile kioo. Alimgeukia mwanawe, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyeshushwa njiani.

"Ikawaje?" akauliza.

Nondo alilitazama pambano lile tangu utotoni, mara zisizo na idadi. Akaanza kumsimulia, waya bado mkononi ingawa haukuwa na kazi tena. Alimwambia jinsi mpinzani alivyotoka kona akiwa amefura jicho, alivyomsukuma kwenye kamba na kumpasua mdomo, umati ukaanza kuliimba jina la mpinzani. Alimwambia jinsi yeye, Radi, alivyoinama chini ya ngumi ya kushoto, akajaza kifua pumzi.

"Halafu ukaja na ule wa kulia," alisema Nondo. "Akaanguka kama ukuta."

Mzee alikunja uso. Alinyanyua mikono yake miwili, ikitetemeka, akaitazama kila mmoja kwa zamu. Kisha ule wa kushoto ukajikunja wenyewe, ukakaza.

"Ulikuwa huu," alisema. "Wa kushoto. Nakumbuka mimi."

Ulikuwa wa kulia. Nondo alikuwa na uhakika kuliko uhakika wowote alioupata maishani, na siku nyingine angewatoa watu meno kwa uhakika mdogo kuliko huo. Alimtazama dada yake. Sindano, taya limeanza kuvimba, naye alijua ulikuwa wa kulia, na alikuwa anangoja kusikia kaka yake atasema nini.

"Wa kushoto, baba," Nondo alisema, akauachia waya.