Adabu ya Felista

Katika kijiji kizima kipya, nje kidogo ya Igalula, hapakuwa na mtoto mwenye adabu kama Felista, wala hapakuwa na mama aliyechoka kama mama yake. Mambo hayo mawili yalikwenda pamoja. Adabu ya mtoto haiokotwi njiani. Mtu huitolea jasho, na Koleta alikuwa amelitoa kwa miaka minane.

Alimlea peke yake, maana mumewe, Luhende, alikuwa kibarua wa reli huko Kaliua, na nyumbani alifika kama mgeni. Kila jioni baada ya sala Koleta alirudia yaleyale. Mkubwa akisema nawe, piga magoti. Macho chini. Jibu mara moja, tena jibu kweli, kwa sababu mamlaka hutoka kwa Mungu, na anayemdanganya mkubwa amemdanganya Mungu. Siku mtoto alipokula karanga za mbegu akawasingizia kuku, alichapwa mpaka jirani akaja kumwombea. "Samaki mkunje angali mbichi," Koleta alimwambia jirani, akaendelea na kazi yake.

Kisha ikaja Operesheni ya serikali, mwaka wa sabini na nne, kila mtu ahamie kijijini. Koleta alihama. Mkwewe, Bibi Ng'washi, aligoma. Pale walipohama palikuwa na makaburi ya watoto wake wanne, naye alisema hawezi kuwapakia kwenye trekta, wala hawezi kuwaacha wakaota majani. Koleta alibembeleza, akalia, mwisho akanyamaza. Mwenyekiti wa kijiji, Mzee Masele, alipouliza yuko wapi yule mama, Koleta alimtazama usoni akasema, "Amepanda treni, amemfuata mwanawe Kaliua."

Masele aliamini. Angeachaje? Koleta alikuwa kiongozi wa akina mama kanisani, na Masele mwenyewe ndiye baba wa ubatizo wa Felista.

Tangu hapo Koleta alitunza nyumba mbili kwa mgongo mmoja. Kila alipokwenda kutafuta kuni alipitia kule mahameni, michembe, vile viazi vilivyokaushwa, ikiwa imefungwa ndani ya kanga, akamtekea bibi maji, akamfagilia, akarudi na kuni zake kichwani kama mtu asiye na neno. Miguu ilimuuma, na ule uongo ulimuuma kuliko miguu. Alijiambia ataungama padri akija. Padri alikuja, akaondoka.

Jumamosi moja jirani ambaye Koleta alizoea kumwachia mtoto alikuwa amekwenda mnadani. Koleta akamchukua Felista wakaenda wote. Njiani kurudi alitaka kumwambia asiseme. Lakini angeanzaje, yeye aliyemchapa kwa ajili ya karanga? Alikuwa amechoka, na mtu aliyechoka husema litajulikana mbele ya safari. Akanyamaza.

Kesho yake, ibada ilipokwisha, Masele alisimama mlangoni akisalimiana na watu. Mgambo wawili walikuwa karibu naye. Felista akapiga magoti.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Hamjambo nyumbani?"

"Hatujambo."

"Na bibi huko Kaliua, hajambo?"

Ilikuwa salamu tu, kama mtu yeyote anavyouliza hali ya mzee wa mwenzake. Felista aliinamisha macho. "Hajambo, baba. Lakini hayuko Kaliua. Yuko kwake kulekule. Jana tulimpelekea michembe."

Mgambo wakatazamana. Masele uso ulimshuka. "Mama Felista," alisema, "ungeniambia mwenyewe, tena faraghani, ningejua la kufanya. Sasa nifanye nini?"

Jumatatu trekta lilikwenda. Bibi Ng'washi aliletwa kwenye tela pamoja na mkeka wake na kuku mmoja, na msonge wake ukachomwa moto ili asiwe na pa kurudi. Felista alimkimbilia, akapiga magoti, akamwamkia. Bibi alimpita kama anavyopita kisiki, akaingia ndani, akalala akiutazama ukuta. Mtoto alibaki palepale chini.

"Mama, bibi ana nini?"

Basi yote aliyoyameza Koleta kwa miezi ile yakamtoka kwa mara moja. "Umemuuza bibi yako kwa mdomo wako huo! Kuanzia leo, mkubwa akikuuliza habari za nyumbani, sema hujui. Umesikia?"

"Hata mwenyekiti?"

"Hata mwenyekiti! Hata padri!"

"Ndiyo, mama."

Koleta alisikia alichokisema, akaingia jikoni kupika.

Felista alitii, kama kawaida yake. Katekista alipomuuliza bibi ameamkaje, alipiga magoti, akasema, "Sijui." Masele alipomuuliza baba atarudi lini, alisema, "Sijui." Wanawake kisimani walizidi kumsifu: mtoto gani huyu, hana umbea, ana heshima! Koleta alizisikia sifa hizo akijitwisha ndoo, akatamani wanyamaze.

Jioni moja alimkuta nyuma ya nyumba amekaa peke yake, chakula hajagusa. Huruma ilimshika, na majuto. Akakaa naye chini mavumbini, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Felista, wewe hukukosa. Ulisema kweli. Mimi ndiye niliyedanganya, halafu nikakutupia wewe. Unanielewa?"

"Ndiyo, mama."

"Bibi atakuzoea tena. Amekasirika na dunia, siyo na wewe." Alimshika mkono. "Na wewe je, una hasira na mimi?"

Mtoto aliutoa mkono taratibu. Akapiga magoti, akainamisha macho.

"Sijui, mama."

Koleta alifungua kinywa amkanye, akakifunga. Mkubwa alikuwa ameuliza habari za nyumbani, naye alijibiwa kama alivyofundisha.