Mzee Hamira Atafuta Kasoro

Kasoro moja tu. Hicho ndicho kitu pekee alichokitaka Mzee Hamira siku ile, na kwa ajili yake alikuwa tayari kusimama kwenye foleni ya bustani ya michezo saa nzima, jua likimchoma utosi.

Kesho yake saa nne asubuhi wazazi wa kijana fulani wangekuja kumposa binti yake, kitinda mimba, wa mwisho kubaki naye tangu mama yao afariki. Kijana mwenyewe mzee alikuwa hajamtia machoni. Kila alipoletwa nyumbani kutambulishwa, mzee alipatwa na safari ya ghafla. Alichojua ni kwamba anaoka piza katika mkahawa wa Kitaliano ndani ya bustani hiyo, na hilo lilimtosha kabisa. Yeye aliyeoka mikate miaka thelathini na minane, hata watu wakasahau jina lake wakamwita Hamira, amtoe mwanawe kwa mtu anayepika mahali watu wanapokwenda kuzungushwa mpaka watapike?

"Sema ukweli wako," dada yake mkubwa alimwambia palepale kwenye foleni. "Hata angekuwa daktari ungesema mikono yake ni ya baridi. Wewe unaogopa kubaki peke yako."

"Mimi? Niogope nini?"

Aliogopa. Aliogopa ile saa kumi na moja jioni, mkate unatoka motoni na hakuna wa kuitwa aje aukate.

Mkahawa wenyewe ulikuwa chini ya reli ya ile treni ya angani inayowapindua watu miguu juu, kichwa chini. Kila baada ya dakika nne ilipita juu ya paa, mayowe yakashuka, visu na vijiko vikacheza mezani, na picha ya mnara ulioinama, iliyotundikwa ukutani, ikainama zaidi. Dada mtu, na miaka yake sitini na tisa, aliitazama treni ile kwa uchu.

"Wewe agiza tu, nakuja," akasema, akatoka mbio na mkoba wake.

Mzee alitabasamu peke yake. Kasoro alishaipata hata kabla ya kuketi vizuri. Mwoka mikate yeyote anajua kwamba donge likiwa linaumuka halitaki kutikiswa. Kwake yeye, mtu aliyebamiza mlango alirudishwa nyumbani siku hiyohiyo. Sasa hapa paa zima linabamizwa kila dakika nne! Piza ya mahali kama hapa lazima iwe ngumu kama soli ya kiatu.

Piza ikaja. Akaubonyeza ukingo, ukanywea, kisha ukarudi. Akaupasua, akaona matundu makubwa kwa madogo, sawasawa na inavyotakiwa. Akaonja. Akaonja tena ili apate uhakika. Alipokuja kushtuka, vipande vitatu havipo.

"Haiwezekani," akasema kwa sauti, watu wa meza ya pili wakageuka. Akanyanyuka, akaelekea jikoni.

Mlangoni alizuiwa na mpishi, kijana mrefu mwenye unga hadi kwenye nyusi.

"Samahani mzee, huku wageni hawaingii."

"Mimi si mgeni. Mimi ni bwana afya." Uongo ulimtoka bila kupiga hodi.

Kijana akavua kofia haraka. "Karibu sana, mkubwa. Ila nakuomba, nina jambo kubwa kesho. Unga wangu usije ukamwagika leo."

Basi mzee akajua anasema na nani. Akakunja uso hadi ukamuuma. "Madonge yanaumukia wapi?"

Kijana akasita. "Chini ya meza ile."

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Mzee akainama, magoti yakalia, akachungulia. Zilikuwako trei sita, na kila moja imekalia maboya ya watoto ya kuogelea, ya manjano, yenye vichwa vya bata. Mara treni ikapita. Sufuria zikagongana, makabati yakatetemeka. Mabata yakatikisa vichwa taratibu, na madonge juu yake yakalala tuli kama vichanga vilivyoshiba.

"Nilijaribu magodoro, nikajaribu matairi," kijana alisema huku jasho likimtoka. "Miezi miwili piza zangu zilikuwa vigae, mkubwa. Maboya nayaosha kila siku, naapa."

"Donge unalipumzisha muda gani?"

"Siku mbili."

"Na chumvi unatia lini?"

"Mwisho, hamira ikishaamka."

Bwana afya gani huyo anayeuliza chumvi inatiwa lini? Lakini njia ya mwongo ni fupi, na ya Mzee Hamira iliishia mbele ya tanuri. Kijana alikuwa ametoa piza muda huohuo. Mzee, bila kufikiri, akaichukua, akaipindua, akaitegea sikio na kuigonga chini kwa kidole mara mbili, kama alivyogonga kila mkate tangu ujana wake. Mkate hauna kitu juu. Piza inacho. Nyanya na jibini vyote vikamshukia viatuni, pwata!

Kijana akavitazama viatu. Akakitazama kidole.

"Shikamoo, baba," akasema polepole.

"Baba wa nani?"

"Binti yako siku ya kwanza kuja hapa aligonga hivyohivyo. Viatu vyake nilivifuta mimi."

Mzee alitafuta pa kuuficha uso asipaone. Akakusanya nguvu zilizobaki. "Haya, kuoka unajua. Kuoka si kutunza mtu! Utampeleka wapi mwanangu?"

"Mtaa wa nyuma ya kwako, baba, nyumba ya tatu. Ndiyo maana tumechelewa kuleta posa, tulikuwa tunasubiri ipatikane. Mbali alikataa kabisa. Alisema baba hajui kuoka mkate wa mtu mmoja, lazima wawepo watu karibu wa kuumaliza."

Treni ikapita tena. Safari hii mzee aliishukuru, maana ilikuwa na kelele za kutosha mtu kulia bila kusikika.

Ilipokwisha kupita, dada mtu alikuwa amesimama mlangoni, kilemba hana, kiatu kimoja mkononi. "Kaka, nimepanda mara mbili! Enhe, kasoro umeipata?"

Mzee alifuta macho kwa kiganja chenye unga, akamgeukia kijana, ambaye bado alikuwa amesimama na kofia mkononi akingoja salamu yake iitikiwe.

"Marahaba, mwanangu," akasema. "Kesho uje na njaa."