Punda Aliyeitwa Lori

Kijiji kizima cha Njisi hapakuwa na mtu aliyejua kujisifu kama Mzee Ambilikile, na siku aliyomleta punda kutoka Usangu alijisifu mpaka watu wakachoka. Ilikuwa miaka ile ya ruksa. Biashara imefunguliwa, kila mwenye miguu anavuka mpaka wa Kasumulu na kurudi na sukari, sabuni na mablanketi ya Malawi. Wengi walibeba kwa baiskeli. Mzee akasema yeye na utu uzima wake hasukumi baiskeli. "Mimi nimeleta lori," akawatangazia, "tena lisilokunywa dizeli!" Basi punda akaitwa Lori, na jina likamganda.

Na alifanya kazi yule mnyama, usimseme vibaya. Mpunga ulitoka, sabuni ikaingia, na bati lililoezeka nyumba ya mzee lilitoka mgongoni mwake. Kisha mzee akaingia ubia na mfanyabiashara mwenzake, Lameck, wakanunua pikapu kuukuu. Lori akafungwa mguu kwenye mchikichi nyuma ya nyumba. Hapo ndipo alipoachwa.

Ng'ombe wa mzee huyo huyo walilala pazuri kuliko wageni wake. Banda lilifagiwa kila asubuhi, na ndama akikohoa tu, mzee halali. Unyakyusani ng'ombe ni mahari, ni msiba, ni heshima. Ukimkondesha, majirani watakusema mpaka mlangoni pa kanisa. Lakini punda? Haliwi, hakamuliwi, hatolewi mahari. Akikonda, nani atauliza? Mzee alijiambia punda ni mnyama mgumu, anajitafutia mwenyewe. Atajitafutia vipi na kamba mguuni, hilo hakujisumbua nalo.

Upande wa pili wa migomba alikaa mwanawe Asheri na mkewe, Angetile. Sasa, mkwe wa kike na baba mkwe hawatazamani. Hawasalimiani, hawapishani njiani; mkwe akisikia mzee anakohoa, anajifunika kitenge na kuingia migombani. Vijana wa siku hizi wamelegeza, lakini kwa Mzee Ambilikile mila ilikuwa mila. Nyuma ya nyumba yake, chini ya dirisha la chumba anacholala, mkwe hakutakiwa kukanyaga hata kwa bahati mbaya.

Siku moja pikapu likaharibika njiani, mzee akarudi mchana, hasira kichwani, akapitia nyuma. Akakutana uso kwa uso na Angetile, ndoo mkononi. Macho yakagongana kabisa. Binti wa watu akaitupa ndoo akakimbia.

"Mwe!" mzee akapiga ukelele. "Mkwe wangu amenitazama! Amenifuata mpaka dirishani!"

Hakuitazama ndoo iliyokuwa inamwaga maji miguuni pake. Punda ndiyo kabisa, hakumkumbuka. Jioni ile ile akaita ndugu zake. Asheri akajaribu kusema, "Taata, labda tumuulize mwenyewe alifuata nini."

"Tumuulize! Unataka mkwe asimame mbele yangu ajieleze? Aibu niliyopata haikutoshi?" Hapo akakata shauri: baba yake Angetile alete mbuzi wa kuosha aibu, au binti arudi kwao.

Mzee Hezroni, baba yake Angetile, alikuja kutoka Ipyana kwa miguu, jua kali, akimvuta mbuzi. Alisimama uani, kofia mkononi, mbele ya ndugu wote wa mwenzake. "Mtusamehe," akasema. "Hatukumlea vizuri." Akakaribishwa kiti, akakataa. Angetile alikuwa migombani na kitenge chake kichwani, na kila neno alilisikia. Mbuzi akachinjwa. Mzee Ambilikile alikula paja zima, tena akasifu mafuta yake.

Angetile hakukanyaga tena nyuma ya nyumba ile. Nani angethubutu?

Ndipo Lori alipoanza kulia. Alilia asubuhi, akalia mchana, akalia wazee wa kanisa wakiwa sebuleni na vikombe vya chai mkononi. Walipoondoka, mzee akachukua fimbo akazunguka nyuma kwenda kumnyamazisha. Fimbo aliinyanyua kweli. Haikushuka.

Mguu wa punda ulikuwa na kidonda kilichozunguka kama pete, pale kamba ilipokuwa imezama kwenye nyama. Lakini kidonda kilikuwa kinafunga. Kilikuwa kimeoshwa, kimepakwa mawese, na wekundu wa mafuta hayo ulikuwa bado haujakauka wote. Ile kamba ya katani ilikuwa imekatwa, imetupwa pembeni. Badala yake punda alifungwa shingoni kwa kipande cha kitenge kilichosokotwa, kitenge cha maua ya njano ambacho mzee alikiona kikikimbilia migombani siku ile. Majani aliyokatiwa yalikuwa yamekwisha, yamebaki mashina makavu. Na ndoo ilikuwa palepale ilipoangukia, tupu.

Mkewe, Tupokigwe, alikuwa amesimama pembeni ya ukuta anamtazama.

"Umeona sasa?" akamwambia. "Funza walikuwa wanadondoka kwenye huo mguu. Amemuuguza tangu masika, anavizia ukiwa Kasumulu."

"Mbona hukuniambia?"

"Uliniuliza? Uliita ndugu zako, mkakata shauri, mkala mbuzi. Mimi nilikuwa jikoni namkaanga."

Aibu ilimshika mzee mwili mzima. Alimwona Hezroni na kofia yake mkononi. Alijiona mwenyewe na paja la mbuzi, mafuta yakimtiririka kwenye vidole, na alitamani ardhi ipasuke immeze. Amwombe radhi mkwe? Kwa mdomo gani, wakati hata kumtazama ni mwiko? Amtume Asheri? Alipolitoa tusi alilitoa hadharani, mwenyewe. Kumtuma mtu na radhi ilikuwa kujificha.

Akaweka fimbo chini, akashika kile kitenge, akamwongoza taratibu Lori aliyekuwa anachechemea, mpaka ukingoni mwa migomba, karibu na jiko la Angetile. Akaligeuzia jiko mgongo. Kule ndani mtwangio ukanyamaza. Njiani Felista na wenzake waliokuwa wanakwenda mtoni wakasimama kusikiliza, na Felista akisikia jambo, Kyela nzima imesikia. Mzee aliwaona. Akapaza sauti vilevile.

"Lori! Nasema na wewe. Bwana wako ni mpumbavu. Ulimjengea nyumba, akakufunga akakusahau uoze. Alipotokea wa kukuhurumia, akamwita mtovu wa adabu. Mbuzi niliyemla hakuwa halali yangu. Nitampeleka mwingine Ipyana, kwa miguu, njia ya sokoni, watu wanione. Na kuanzia leo wewe ni wa huyo aliyekukata kamba. Umesikia?"

Lori akatikisa masikio. Sauti ya Angetile ikatoka jikoni, ndogo lakini haina woga. Naye alisema na punda.

"Lori, mwambie mwenye nyumba ndaga, nashukuru. Nimekupokea. Lakini mwambie pia, baba yangu hajawahi kusema kwamba hakunilea vizuri. Siku ile alisema, mbele za watu. Mbuzi atarudi. Hilo neno litarudije?"

Mzee Ambilikile alisimama pale na mgongo wake, machozi yakamlenga, na akashukuru mila kwamba mkwe haruhusiwi kumtazama usoni.

"Tena mwambie," sauti ikasema, "tangu siku ile ndoo ilipomwagika hujanywa maji."

Mzee akamfunga Lori kwenye mgomba. Akarudi nyuma ya nyumba, akaiokota ile ndoo, akashika njia ya mtoni. Wanawake wakampisha huku wameziba midomo.

"Mzee, leo umeolewa?" Felista akamtania. Wenzake wakaangua kicheko.

Mzee aliinama, akachota, akajitwika ndoo kichwani asivyozoea, maji yakamlowesha shati lote njiani. Alipofika aliitua mbele ya Lori. Lori akainywa yote, akaramba mpaka chini. Mzee akaichukua, akarudi mtoni kuchota nyingine.