Mzee wa Iyula Amecheka

Kikohozi kilitangulia. Kilitoka nyuma ya pazia la mlango, kikavu, mara mbili, kikanyamaza. Kisha tena mara mbili. Nilikuwa nimechomeka kadi ya kamera kwenye kompyuta, na mashine ilikuwa ikiniuliza swali lake la kila siku: picha hizi ziingie folda gani, na folda hiyo iitweje. Sipendi kuingiliwa wakati huo.

"Duka lina hodi," nilisema bila kugeuka. "Kikohozi kipeleke zahanati."

Pazia likasogea. Aliingia mwanamke aliyenizidi umri kwa miaka kumi hivi, kitenge kiunoni, kitenge kichwani, miguu imejaa vumbi la Mbozi. Macho yalikuwa yamevimba. Nilipoyaona niliyajutia maneno yangu, lakini mimi huwa sirudi nyuma upesi.

"Naitwa Tupokigwe," alisema. "Natoka Iyula. Nimefuata picha ya baba mkwe wangu. Amefariki jana. Gari letu limekuja kuchukua jeneza kwa fundi, linaondoka saa nane. Tunazika saa kumi."

Ilikuwa saa sita na nusu.

"Pole, mama. Alipigwa picha lini?"

"Mwaka juzi, wakati wa kahawa. Alirudi akatuambia, nimepiga picha Tunduma kwa yule mama wa Ujiji, siku nikifa msihangaike, mkaichukue. Hana nyingine. Ya kadi ya kura ilifuliwa ndani ya shati, uso ukafutika."

Mama wa Ujiji ni Bi Mwasiti, mwenye studio. Siku hiyo alikuwa Mbeya kufuata karatasi za picha. Nikavuta kiti kwa majigambo, maana ombi kama lile ndilo nililokuwa nimelingojea mwezi mzima.

Nilipoajiriwa pale nilikuta aibu. Bi Mwasiti alikuwa akihamisha picha kutoka kwenye kamera na kuziita chochote kilichomjia mdomoni. *Bibi harusi aliyechelewa. Mapacha wa Ihanda, mmoja analia. Dereva mwongo.* Folda mia sita za namna hiyo, hakuna tarehe, hakuna mpangilio. Mimi nimejifunza kutunga mashairi peke yangu, kwa kuhesabu mizani kwenye vidole nikichunga, na sivumilii mstari unaochechemea. Jina la folda nalo ni mshororo: mwaka mbele, mwezi katikati, siku, kisha jina la mtu. Basi Bi Mwasiti aliposafiri wiki mbili kwenda kwao, nilikaa nikabadilisha zote. Aliyefahamika nilimwandika kwa jina. Asiyefahamika nilimpa tarehe iliyohifadhiwa na kamera, neno HAJULIKANI, na namba.

Aliporudi alitazama kioo cha kompyuta, akacheka hadi ushungi ukamwanguka. "Mshairi wangu, umewapiga watu namba kama ng'ombe wa mnadani."

"Mpangilio huo," nilimjibu. "Siku moja utanishukuru."

Siku yenyewe ilikuwa imefika.

"Jina lake?" nikamuuliza Tupokigwe, vidole tayari.

Alikaza kitenge kiunoni.

"Jina la marehemu, mama."

"Baba mkwe wangu."

"Hilo si jina. Kila mtu ni mkwe wa mtu."

"Kwetu mkwe hamtaji baba mkwe," alisema, akitazama sakafu. "Wengine siku hizi wameacha. Mimi niliolewa na watu walioshika."

"Basi andika." Nikamsukumia kalamu.

Aliitazama kalamu kama mtu aliyepewa kisu akichinje kitu asichokula. Hakuigusa.

Nilihisi damu ikinipanda. Huyu ametoka Iyula kutafuta mtu mmoja kati ya maelfu, na kile kimoja kinachoweza kumpata ndicho anachokificha. Nikamwambia anipe simu yake na namba ya ndugu yeyote mwanamume. Akanipa ya shemeji yake, Gwakisa. Mumewe alikuwa Kongo na roli, hapatikani.

"Wewe kijana, sisi tuko kaburini hapa, tumekuta mwamba," Gwakisa alihema. "Unataka nini?"

"Jina la baba yenu."

Akanitajia. Na mimi, kwa ujinga wa mtu mwenye haraka, nikalirudia kwa sauti: "Ambilikile?"

Nilipogeuka, kiti kilikuwa kitupu. Pazia lilikuwa linacheza. Nikamwona nje, amesimama juani, viganja viwili masikioni, kama mtoto anayeogopa radi. Wapita njia wawili walimwangalia, kisha wakaniangalia mimi.

"Amekimbia?" Gwakisa aliuliza simuni. "Umelitaja mbele yake? Wewe umezaliwa wapi?"

"Momba, kwa wafugaji."

"Msukuma," alisema, kama daktari aliyeona ugonjwa. Akakata.

Nililitafuta jina hilo lililomkimbiza mtu. Kompyuta ilizunguka, ikafikiri, ikaleta ukurasa mweupe. Hakuna. Nikajaribu kwa herufi nyingine. Hakuna.

Nikampigia Bi Mwasiti.

"Mzee wa Iyula?" alisema kwa furaha, nyuma yake honi za Mbeya. "Namkumbuka kama jana. Jina sikumuuliza, alikuwa na haraka ya gari. Nilimwandika mwenyewe: *Mzee wa Iyula amecheka*. Tafuta hapo hapo."

Niliitazama ile orodha yangu ya namba.

"Ngusa?"

"Nimelifuta."

Honi zikapita, moja, mbili.

"Haya," alisema, na safari hii hakucheka. "Mtafute basi kwa hizo namba zako. Na huyo mama umemwamkia?"

Sikuwa nimemwamkia. Nilitoka nje. "Shikamoo, mama," nilimwambia, nikiwa nimechelewa kwa nusu saa. "Naomba uingie. Sitalitaja tena."

Alishusha mikono taratibu. "Marahaba."

Nikafungua miezi ya kahawa ya mwaka ule, HAJULIKANI mmoja baada ya mwingine. Watoto, wapenzi, wanakwaya, wafanyabiashara wa Nakonde wenye miwani ya jua. Nikawatenga wazee waliopigwa peke yao. Walikuwa tisa. Wanne kati yao walicheka, na wote wanne walikuwa na kofia, mvi na koti, kana kwamba walikopeshana.

"Sasa ni kazi ndogo," nilisema. "Njoo utazame, unioneshe ni yupi."

Hakusogea.

"Mama, saa saba na robo."

"Siwezi kumtazama."

"Ni picha."

"Ni uso wake."

Hapo nilisimama. Nilikwenda hadi ukutani, nikarudi, nikashika kiuno. Nilitaka kumwambia mambo mengi kuhusu karne tuliyomo. "Umekaa kwake miaka mingapi?"

"Kumi na mmoja."

"Miaka kumi na mmoja hujawahi kumtazama mtu mnayekula naye chungu kimoja?"

"Alikuwa akikohoa," alisema. "Akitoka shambani, akifika penye migomba, anakohoa mara mbili, ili nipishe. Kama nina mtoto mgongoni anangoja zaidi. Kukinyesha alingoja kwenye mvua. Miaka yote hiyo hakusahau hata siku moja." Akafuta pua kwa pembe ya kitenge. "Wewe unaniuliza uso. Mimi sikupewa uso. Najua kikohozi chake, na najua miguu yake, maana nilikuwa nimeinama."

Nilikaa chini. Nilimkumbuka baba yangu, Makoye, bondeni Momba, na ng'ombe wake themanini. Bi Mwasiti alikosea kuhusu sisi. Baba hajawahi kumpiga ng'ombe namba. Gizani, zizini, anapitisha mkono tu: huyu ni wa pembe iliyoshuka, huyu ni wa kovu la fisi, huyu ni mwoga wa maji. Akipotea mmoja anajua ni nani aliyepotea. Mtoto wake ndiye aliyekuja mjini kuandika HAJULIKANI.

Bi Mwasiti hupiga picha ya mtu mzima, kuanzia kofia hadi kidole cha mguu. Nikachukua kaunta buku yangu, ile ninayoandikia mashairi, nikaisimamisha mbele ya kioo, ikafunika nusu ya juu. Nikahakikisha mara mbili hakuna kidevu kinachochungulia.

"Mama, njoo. Nimewafunika. Ni miguu mitupu."

Alikuja akipima kila hatua. Aliinama, na mara ile nikaona jinsi mwinamo ule ulivyomzoea.

Mzee wa kwanza alivaa viatu vyeusi vya kamba. "Siyo." Wa pili kandambili. "Siyo. Huyu vidole vimebanana." Nikabonyeza, mkono wangu wa pili ukishikilia daftari. Wa tatu alivaa makubazi ya tairi, na suruali ya kijivu iliyopigwa pasi ikasimama kama ubao.

Hakusema siyo. Alinyoosha kidole karibu na kioo, bila kukigusa, penye goti la kushoto.

"Kiraka hiki nilishona mimi," alisema. "Ndiyo suruali yake ya kanisani. Mama mkwe aliniletea, uzi mweusi ukaniishia njiani, nikamalizia na wa bluu. Nikasema ataikataa." Nikakuza picha. Pembeni mwa kiraka, mishono mitano, sita, ilikuwa ya bluu. "Kumbe ndiyo aliyoivaa."

Kisha macho yake yakashuka chini kabisa ya kioo, ambako kompyuta huandika jina la folda, nami nilikuwa sijakumbuka kupafunika. Alisoma polepole, kwa sauti ndogo, tarehe na kile nilichoandika.

"Hajulikani tatu." Akanigeukia. "Hajulikani na nani?"

Nikapafunika kwa kiganja.

Nilichapa picha mbili kubwa, nikaziacha zikauke zikiwa zimeelekea ukuta, nikazitia ndani ya bahasha na kuifunga kwa gundi. Niliandika juu yake, *Apewe Gwakisa*. Barabarani gari lao lilipiga honi. Aliikumbatia ile bahasha kama anayebeba uji wa moto, akaelekea mlangoni, akasimama akinipa mgongo.

"Kaka."

"Naam, mama."

"Amecheka?"

Nikaondoa daftari. Nikamtazama yule mzee kwa niaba yake. Nilikuwa na tashbihi nyingi, nimezihifadhi kwa ajili ya siku kama hizo, na zote zilionekana nguo za kuazima.

"Amecheka," nilisema. "Kidogo tu, upande wa kushoto. Kama mtu aliyeambiwa asicheke."

Mabega yake yalipanda, yakashuka. Honi ikalia tena, ndefu.

Niliingia kwenye jina la folda, nikafuta namba, nikafuta lile neno, nikaandika, na nikamsomea kadiri nilivyokuwa nikiandika, ili asikie kwamba hamna jina ndani yake: "Mzee wa Iyula amecheka. Kiraka, uzi wa bluu."

"Itakaa hapo?"

"Itakaa."

"Nikipita Tunduma siku nyingine," alisema, bado akiwa ameelekea nje, "ningependa kuuona tena ule mshono. Hapo chini tu."

"Njoo siku yoyote, mama," nilimwambia. "Kohoa tu mlangoni. Sitakuuliza jina."