Mfuko wa Saba

Claudine alirudi Kitahana kutoka chuoni Dar es Salaam na begi zito la udongo. Udongo! Mtu mzaliwa wa Kibondo, kwenye udongo wa kumwaga, kasafiri siku mbili na mifuko kumi na miwili ya matope makavu yaliyochimbwa chini ya bahari. Majirani walimhurumia.

Kila mfuko ulikuwa na namba ya kina chake. Ndani ya matope mlikuwa na vigamba vidogo kuliko punje ya ulezi, vya viumbe wa kale wa baharini. Zama za barafu kuu, maji yenye oksijeni nyepesi yalinaswa kwenye barafu ya nchi kavu, na vigamba vya wakati huo vikajaa oksijeni nzito. Ukipima vigamba tabaka kwa tabaka, unajua umri wa matope. Mfuko wa saba ndio ulioshika badiliko lenyewe, baridi ilipokwisha na joto likaingia, na hapakuwa na mwingine. Ukipotea, tasnifu ya Claudine imepotea nao.

Jumamosi asubuhi akaukuta mtupu.

Jikoni alikuwepo Jeanne, mke wa kaka yake, mjamzito wa miezi saba, akijilamba vidole.

“Wifi, asante kwa zawadi,” alisema. “Ule auzao Zaitun wa Kasulu haujaletwa wiki ya pili sasa, barabara imekatika. Nilikuwa nakufa na hamu. Lakini huu wako, yewe! Una chumvi yake humohumo.”

Claudine akauinua mfuko mtupu. “Wifi, umeula?”

“Ego, nimeula. Nani atatoka Dar na udongo kama si kumletea mjamzito?”

Kijiji kizima kinajua mjamzito huletewa udongo. Aliyesahau ni yeye tu, msomi.

“Umekula miaka elfu kumi na tano!” akapiga kelele, na machozi yakamtoka kweli.

“Kumbe ndiyo maana ni laini.” Kisha Jeanne akamwonea huruma. “Usilie, wifi. Aliyekuuzia naye kakuibia, una mchanga mno. Tangu Alhamisi nauloweka, nauchuja, nakausha ule laini. Mchanga uko pale, nilitaka kuwamwagia kuku.”

Juu ya jiwe kilianikwa kitambaa cheupe cha kwaya, na mchanga juu yake. Claudine alikichukua kwa mikono miwili, akakimbilia hadubini yake ndogo. Vigamba vilikuwepo, vizima, safi kuliko vyote alivyowahi kuosha mwenyewe kwa papara zake maabarani. Alicheka mpaka Jeanne akaogopa.

Kudanganya hakuweza. Akampigia msimamizi wake, Dokta Mudathiri, akamweleza kila kitu, pamoja na kulamba vidole.

“Kitambaa cha pamba?” Dokta akauliza.

“Cha pamba, Dokta.”

“Kiandike kwenye mbinu za utafiti. Na huyo mama, andika jina lake.”

Claudine alirudi jikoni. Jeanne alikuwa ameinamia sufuria kwa aibu, kwani alisikia simu yote na sasa alijua alichokula. Claudine akaweka mfuko wa nane mbele yake na kuketi naye mkekani.

“Chuja polepole, wifi,” alisema. “Udongo wako, mchanga wangu.”