Nyanya Aliyekufa Mara Nane

Kijapani mimi nilifunzwa na magari. Kila gari la mtumba kutoka Japani, ukilitia ufunguo, mwanamke mpole ndani ya dashibodi anakwambia kwa Kijapani kwamba kadi haijaingizwa. Nchi nzima inaambiwa hivyo kila asubuhi na hakuna anayeuliza kadi gani. Mimi niliuliza: ni kadi ya kulipia barabara za huko. Ni fundi wa redio na spika za magari, kibanda changu kiko Shauri Moyo upande wa kuelekea Gikomba, na sikubali kuambiwa jambo kila siku nisilolielewa. Nikanunua kitabu, nikanunua cha pili, na sasa ni mwaka wa kumi na mmoja najisomea.

Kwa hiyo Jacklyne, binti wa marehemu dada yangu, alipojiunga na chuo kimoja cha Kayole kinachoandaa vijana kwenda Japani kutunza wazee, nilifurahi. Furaha ilidumu hadi aliponiletea karatasi.

Ilikuwa fotokopi ya fotokopi, herufi zimefifia kama risiti iliyofuliwa mfukoni. Juu iliandikwa "Miundo Sitini ya Ngazi ya Kati". Chini yake miundo yenyewe, namba moja hadi sitini, kila mmoja na tafsiri ya neno moja. Hapakuwa na mahali paliposema muundo huu unamwambia nani, wakati gani, ukiwa umekunja uso au unatabasamu.

"Namba ishirini na tatu ni nini?" nikamuuliza.

"Kuse ni," akajibu haraka. "Maana yake 'ingawa'."

"Na thelathini na moja?"

"Noni. 'Ingawa'."

"Na hamsini?"

Akacheka. "Anko, hiyo pia ni 'ingawa'."

"Ingawa tatu! Mnazitofautishaje?"

"Mwalimu wetu, Sensei Shiundu, alisema tuzichanganye. Ukirudia moja unapoteza alama. Kila jibu liwe na miundo mitano."

Nikaweka chini spika niliyokuwa nafungua. "Alama gani? Nani anatoa alama? Kuse ni ni neno la kumshutumu mtu. 'Ingawa unajua mtaro wetu umeziba, mheshimiwa, unapita hapa na king'ora.' Hapo ndipo pake. Humpigi nalo mwajiri aliyekuuliza umelalaje!"

"Wewe unajua zile za kugombana tu," akasema. "Kuse ni, ya kushutumu. Beki da, ya 'yakupasa'. Sei de, ya 'ni makosa yako'. Mbona hujawahi kunifunza ile ya 'kwa msaada wako'?"

"Okage de?"

"Si unaona unaijua!"

"Naijua. Sijapata wa kumwambia."

Huu ugonjwa wa alama sikuanza kuuona jana. Mwaka wa 1987, darasa la nane, mwalimu alitupa utangulizi wa insha tuukariri: jua lilikuwa likichomoza kama sahani ya dhahabu, ndege wakiimba matawini. Mtihani ukaja, ukataka insha kuhusu mkasa wa usiku. Tukaandika hivyo hivyo, watoto arobaini na wanne, jua likachomoza usiku wa manane katika karatasi arobaini na nne. Na tulipita! Hilo ndilo linaloniudhi hadi leo. Shiundu naye alipita hivyo, na sasa anauza kitu kile kile kwa Kijapani.

"Hujaona ukurasa wa pili," Jacklyne akasema, sauti imeshuka.

Nikafunua. "Jibu la mfano. Swali: Kwa nini unataka kutunza wazee?" Nikasoma. Kufika mstari wa tatu nikajua ninayesoma habari zake ni mama yangu.

Mama yangu, Norah, ana miaka themanini na sita. Anaishi na Jacklyne milango miwili kutoka kibanda changu, na Jacklyne ndiye anayemwogesha kila asubuhi. Mama hakubali kuoga ila redio ikiwa inasoma matangazo ya vifo kwa Kijaluo. Anataka kujua nani amemtangulia. Maji hayamfiki mgongoni kabla ya jina la tatu. Yote haya yalikuwa kwenye karatasi ile, kwa miundo mitano.

"Niliiandika muhula wa kwanza," Jacklyne akasema. "Sensei akaipenda. Akaifanya ya darasa."

"Ya darasa? Nyanya yako?"

"Kila mtu anaikariri. Wote tisa."

"Na huku mwisho? 'Akafia mikononi mwangu'?"

"Hiyo aliongeza Sensei. Alisema hadithi bila kifo haifiki alama za juu."

"Mama yangu amekufa Kayole na mimi sijaambiwa!"

Hakucheka. Mahojiano yalikuwa Alhamisi, kwa video, na makao moja ya wazee huko Japani. Walitaka watu wawili kati ya tisa. "Mimi ni wa mwisho kwenye orodha," akasema. "Watakuwa wameisikia mara nane. Nikisema ukweli wangu, nitaonekana nimeiga. Nikisema kingine, nitakuwa nadanganya. Hii nafasi inaniponyoka, Anko, na sijakosea mahali."

Mimi nilikuwa nimeshasimama. Jumatano twende chuoni, nikamwambia, wote tisa na wazazi, na mabango. Mwaka wa 2003 tulifunga barabara siku nzima kwa sababu ya mfereji mmoja, na maji yalirudi. Nitamwandikia hotuba aisome mbele ya Wajapani: chuo kilipaswa, chuo hakikupaswa, haiwezekani kwamba...

"Anko." Alinishika mkono. "Mimi sitaki haki. Nataka hiyo kazi."

Nikakaa tena chini.

"Na Alhamisi utakuwepo," akaendelea. "Spika ya chuo inalia kama paka, Sensei ameniomba nikulete uitengeneze. Njoo. Lakini usiseme neno. Hata moja."

Chuo chenyewe ni ghorofa ya tatu, juu ya duka la vifaa vya ujenzi, Spine Road. Spika haikuwa na ugonjwa mkubwa. Waya ulikuwa umekatika ndani, na kwa kuwa walikuwa wamebakisha dakika tano, dawa ikawa mimi kuushika kwa mkono, umekunjwa hivi, na nisisogee. Shiundu, kijana wa tai na adabu nyingi, alinishukuru mara tatu. Vigumu kumchukia mtu anayekuletea kiti, lakini nilijitahidi.

Wasichana tisa walikaa nyuma kwenye benchi, midomo inacheza kama watu wanaosali. Kwenye skrini alikuwa mama mmoja mwenye nywele nyeupe fupi, Bi Miyawaki, msimamizi wa makao yale, na kando yake mwanamume anayeandika.

Wa kwanza akaitwa. Kwa nini unataka kutunza wazee? Nyanya, redio, jina la tatu, akafia mikononi. Bi Miyawaki akainamisha kichwa, akampa pole. Wa pili: nyanya, redio, jina la tatu, akafia mikononi. Pole ikawa fupi.

Wa tatu alikuwa Filsan, binti wa wafanyabiashara wa Eastleigh. Matamshi yake yangekufanya uangalie kama kuna redio imefichwa. Alimwua mama yangu vizuri kuliko wote. Bi Miyawaki akauliza, "Samahani. Hii ya kuoga wakisikiliza majina ya wafu, ni desturi ya Kenya?"

Filsan akamtazama Shiundu. Shiundu akatikisa kichwa kukubali.

"Ndiyo," Filsan akasema. "Ni desturi ya nchi nzima."

Mwanamume wa kando akaandika.

Nilitaka kusimama. Nilikuwa na neno, nilikuwa na maneno mia moja. Lakini nikisogea spika inalia, na Jacklyne alikuwa amenikazia macho kutoka kwenye benchi. Nikameza. Wa nne. Wa tano. Wa sita akasahau katikati, akarudi mwanzo, akamfufua mama akamwogesha upya. Wa nane alipomaliza, Bi Miyawaki alivua miwani akasugua macho. Mama yangu alikuwa amekufa mara nane tangu saa nne, na asubuhi hiyo nilimwacha akigombana na kuku wa jirani.

Jacklyne akaketi mbele ya kamera. Swali lile lile, kwa sauti ya mtu aliyechoka.

"Nyanya yangu hajafa," akasema.

Bi Miyawaki akavaa miwani.

"Ni huyu nyanya wa redio. Ni wangu. Niliandika habari zake darasani, wenzangu wakapewa wajifunze. Yuko nyumbani. Leo amekataa kuoga."

Zilikuwa sentensi za mwaka wa kwanza, fupi kama za mtoto. Shiundu alikuwa anahesabu miundo kwa vidole chini ya meza, na vidole vilikuwa havisogei.

"Kwa nini amekataa?"

"Redio imesoma majina mawili tu. Amesema nimsubirie wa tatu afe."

Bi Miyawaki akacheka. Alicheka akageukia mwenzake, naye akaacha kuandika, akacheka. Kisha akauliza unafanyaje mtu akikataa kuoga, na Jacklyne akaeleza: namwosha uso na mikono tu, namwacha, narudi baadaye na chai, hata siku nyingine nashindwa. Akakosea neno, akarudi akalirekebisha mwenyewe. Wakaongea hivyo dakika kumi, kama watu wa kazi moja. Nikaanza kupumua.

Ndipo Bi Miyawaki akasema, "Na wewe ukija huku, nani atamwogesha nyanya?"

Swali hilo halikuwa kwenye karatasi. Lingekuwaje, na nyanya wa karatasi alikuwa kaburini? Nami sikuwa nimelifikiria pia. Miezi minane namfunza Jacklyne, nagombana na namba zake, na sikuwahi kujiuliza. Yeye ndiye aliyekuwa amejiuliza, niliona kwenye mgongo wake.

Kwetu mwana wa kiume hamwogeshi mamake. Nimepinga mila nyingi hadharani, kwa kipaza sauti. Hii sikuwahi hata kuitaja.

Jacklyne akageuka. "Anko wangu," akasema kwa Kijapani. "Yule pale, anayeshika waya."

Shiundu, kwa ile adabu yake, akazungusha kamera.

"Ni kweli?" Bi Miyawaki akaniuliza.

Nilikuwa na majibu. Kwamba kazi ya kutunza wazee imeachiwa wasichana bila shukrani, nchi hii na ile. Kwamba serikali yapaswa. Kwamba swali hilo huwa hawaulizwi wanaume. Yote ni kweli na nitayasema tena popote. Lakini msichana alikuwa ananitazama na kazi yake ilikuwa inaning'inia mdomoni mwangu.

"Hai," nikasema. Ndiyo.

Nikasogea, na spika ikalia kama paka.

Bi Miyawaki hakumaliza hapo. Aliwaita wale wanane wasimame wote mbele ya kamera. "Ambaye nyanya yake yuko hai, ainue mkono."

Mkono wa Filsan ukapanda. "Sensei, wallahi wangu ako Eastleigh," akamnong'oneza Shiundu, "na akisikia nilimwua hapa, nimekwisha." Mkono mwingine, na mwingine. Ilikuwa mikono sita. Shiundu alikuwa anachunguza dari kana kwamba itaanguka.

Wanane waliambiwa warudi Jumatatu, bila karatasi, kugombea nafasi moja iliyobaki. Jacklyne hakuambiwa arudi. Aliambiwa alete pasipoti. Safari ni mwezi wa tatu.

Hatukufika hata kwenye ngazi kabla sijaanza. "Umeniuza."

"Ulisema hai."

"Ningesema nini mbele ya watu?"

"Ungesema hapana. Pia ni neno fupi."

"Ungeniambia mapema, Jacklyne! Mtu huulizwa!"

"Ningekuuliza ungeitisha mkutano."

Mama mwenyewe tulimweleza jioni hiyo hiyo. Alisikiliza mpaka mwisho, akaniangalia kutoka kichwani hadi kwenye viatu. "Huyu?" akamwambia Jacklyne. "Huyu nilimzaa mimi, nimwonyeshe nini tena? Afadhali nioze."

Ilibidi twende kwa Fadumo, jirani wa mlango wa pili, mama wa makamo aliyemzoea Norah kwa miaka. Alikubali mwili. Mgongo, kifua, yote ya wanawake, kila asubuhi baada ya kufungua duka lake. Lakini alikuwa na sharti.

"Mikutano yako ya Ijumaa hapa mlangoni kwangu," akasema. "Spika, kelele, watu wananiketia kwenye ngazi, wateja hawapiti. Iishe."

"Fadumo, hiyo mikutano ina miaka kumi na tano. Tumepata taa za barabarani kwa mikutano hiyo."

"Taa ziko, nimeziona. Iishe."

Nilimtazama Jacklyne anitetee. Alikuwa anasoma orodha ya vitu vya kubeba.

Mikutano nimeihamishia Jumapili, kando ya karakana ya baiskeli, ambako hakuna anayekuja. Maji ni mimi ninayechemsha, saa kumi na mbili unusu, na kubeba, na kumwaga. Na baada ya wiki mbili za kunifukuza mlangoni mama alilegeza kidogo: miguu. Miguu tu, alisema, kuanzia kifundo kwenda chini, na nisimwambie habari za kaunti. Jacklyne alisimama nyuma yangu akinielekeza. Anza na kisigino, Anko. Katikati ya vidole. Taratibu, hiyo si spika.

"Maji ni baridi," mama akasema.

Nikaenda kuyaongeza moto.