Ladha ya Kipupwe

Mume wangu hajui ladha ya kitu chochote tangu mwaka juzi, na mtu pekee aliyekuwa na habari hiyo ni mimi. Nilimgundua siku nilipotia chumvi kwenye birika la chai badala ya sukari. Si kwa makusudi, msinifikirie vibaya, makopo yanafanana na miwani yangu ilikuwa chumbani. Alikunywa kikombe kizima, akafuta midomo, akasema, "Leo chai imekolea." Mimi nilipoonja yangu niliitemea dirishani.

Nilimbana palepale. Akakiri, huku akitazama vidole vyake vya miguu, kwamba tangu yale mafua yaliyomlaza wiki tatu hasikii harufu wala ladha. Mkate, embe, dawa ya kikohozi, vyote kwake ni kimoja. Daktari alimwambia avute subira, naye ameivuta mpaka imekatika. Akaniapisha nisimwambie mtu, hata watoto wetu.

Angekuwa mtu mwingine ningempa pole tukaendelea na maisha. Lakini huyu kwa miaka ishirini na sita alikuwa mchanganyaji katika kiwanda cha barafu. Ile barafu ya chungwa ya kijiti, iliyoitwa Kipupwe, yenye karatasi nyeupe ya nta na mistari ya buluu, ilipita kinywani mwake kwanza kabla ya kwenda kwa mtoto yeyote. Hakupima kwa mizani. Alisema machungwa ya leo si ya jana, kwa hiyo alionja, akaongeza, akaonja tena, kisha akainua kidole ili mchanganyiko umiminwe kwenye kalibu za kugandishia. Kiwanda kizima kilimwita Ulimi. Hata bahasha ya mshahara iliandikwa Ulimi.

Mimi nilikuwa chumba cha kufungia. Tulikuwa wanawake kumi na wanne, vidole vimekufa ganzi, tunazivika barafu karatasi moja baada ya nyingine huku tunasengenya. Zilizovunjika tulikula wenyewe, na wakati wa joto zilivunjika nyingi kuliko kawaida, msiniulize kwa nini. Huko ndiko tulikojuana. Yeye husema mimi ndiye niliyemtazama kwanza. Anatia chumvi.

Kiwanda kilifungwa miaka kumi na minane iliyopita. Msimu huu wa joto, mchana mmoja bati la paa likialika kwa jua, akaja binti wa miaka kama thelathini, viatu mkononi kwa ajili ya mchanga wa kwetu. Ndiye mkurugenzi mpya. Alikuwa amelichukua jengo la zamani pamoja na jina la Kipupwe.

"Babu," alimwambia mume wangu, "tuna daftari la zamani la kiwanda. Tumefuata kila kipimo. Haiji."

"Haiji vipi?"

"Ni tamu, lakini siyo ile. Mimi nilikuwa nachomwa sindano kila wiki nikiwa mdogo. Tukitoka kliniki, baba ananinunulia Kipupwe. Naikumbuka mpaka leo, ila nikiambiwa nieleze nashindwa. Watu wote wananiambia, mtafute Ulimi."

"Daftari hilo aliliandika meneja ili kuwafurahisha wakaguzi," mume wangu akasema. Alikuwa ameketi wima kama bwana harusi. "Niachie wiki mbili."

Nusura niangushe sinia la maji. Binti alipoondoka nilimvaa mume wangu.

"Utaonja kwa nini? Kwa masikio?"

"Kwa ulimi wako."

"Baba watoto, mwambie ukweli huyu mtoto. Mafua si aibu."

"Unataka nikafe naitwa yule aliyekuwa Ulimi?" Akanionyesha viganja. "Mikono yangu inajua. Wewe onja tu, useme."

Basi tukaanza. Kila alasiri jikoni, machungwa, limau, sukari, rangi, sufuria, trei za friji. Yeye anakamua na kukoroga, mikono inakwenda bila kufikiri, na mimi nasubiri igande. Halafu naonja, naye ananitazama mdomo kama anayesubiri hukumu.

"Bado," nasema.

"Bado nini?"

"Kuna kitu hakipo mwishoni."

"Mwishoni wapi?"

"Mwishoni, ukishameza."

"Utamu?"

"Hapana."

"Uchachu?"

"La."

"Chumvi?"

"Utanipandisha presha bure. Si chumvi."

Anaandika kwenye daftari la shule, anarudi kwenye sufuria. Siku ya nne tuliikaribia. Siku ya sita tuliipoteza. Mimi ninayo ile ladha kichwani, waziwazi kama uso wa mama yangu, lakini jaribu kumwelekeza mtu achore uso wa mama yako wakati hajawahi kukutana naye. Nilijiona mjinga. Maneno ya ladha ni machache mno, hasa kwa mtu aliyezoea kula na kusema tamu, au haina chumvi, au leteni nyingine.

Siku ya tisa uvumilivu ulituishia. Alirusha kijiko kwenye karo.

"Miaka ishirini na sita umefunga barafu yangu na hujui ina nini!"

"Na wewe miaka ishirini na sita umeichanganya na hujui ulitia nini!"

Wote wawili tulikuwa tumesema kweli. Yeye aliyejua kuitengeneza hawezi kuionja, na mimi niwezaye kuionja sijui kuitengeneza. Akaokota kijiko, akakiosha. Nilimtazama mgongo, fulana imelowa jasho, na hasira yote ikaniisha. Nilimwonea huruma mpaka nikashindwa kumwambia.

Wiki mbili zilipotimia alipeleka karatasi yenye vipimo vya siku ya nne. Ndiyo ilikuwa karibu zaidi. Kiwandani wakasema watatengeneza kwa vipimo hivyo, na Jumamosi iwe sherehe ya uzinduzi. Babu ataonja ya kwanza mbele ya watu, atoe neno.

"Nitakaa mbele kabisa," nilimwambia tukivaa. "Ikiwa yenyewe, nitagusa mtandio wangu. Kama siyo, sigusi."

"Usipogusa nitasema bado kidogo."

"Na wakikuuliza kidogo nini?"

Alikuwa anahangaika na kifungo cha kola. Nikamfungia.

Jengo ni lilelile ila sikulitambua. Kuta zimepakwa rangi, tangi letu la kugandishia la maji ya chumvi limeondolewa, mahali pake pana mashine inayong'aa. Mkurugenzi alitutembeza sisi wazee wa kiwanda, akatuonyesha mtambo wa kusafisha maji, mrefu kama kabati. Alisema maji yanachujwa mara tatu. Mume wangu aliinamisha kichwa kwa heshima. Kila mtu alimshika mkono. "Ulimi! Ulimi uko hai!" Alicheka nao, lakini mkono mwingine alikuwa ameufumbata mgongoni.

Nilikaa na shoga yangu tuliyefunga naye meza moja, tuliyemwita Karatasi kwa jinsi alivyokuwa mwembamba. Siku hizi anachukua kiti na nusu. Watoto walijaa hadi mlangoni, na nyuma yao watu wazima wa rika la mkurugenzi, wengine na tai shingoni, wanachungulia friza kama watoto wenzao. Zikagawiwa. Karatasi ya nta, mistari ya buluu, vilevile. Nikafungua yangu upesi, nikauma kipande kikubwa mpaka meno yakaniuma.

Haikuwa yenyewe.

Ilikuwa nzuri, siwezi kuisingizia. Chungwa ni chungwa, sukari imekaa sawa, baridi inapanda mpaka utosini. Lakini nilipomeza, palepale mwishoni pakawa patupu. Nikalamba tena nikiomba Mungu. Pakawa patupu tena.

Mume wangu alikuwa jukwaani, kipaza sauti karibu na mdomo. Aliuma. Alifumba macho kama zamani. Watu wakatulia, hata watoto. Akameza, akafumbua macho, akanitazama.

Nataka mjue nilikuwa na nia ya kusema kweli. Mikono yangu ilikuwa pajani. Lakini nilimwona yule mzee, kipande cha barafu kinamdondokea kwenye shati jeupe wala hajui, na nyuso zote zile zinamngojea. Akisema bado, watamuuliza bado nini, na hana cha kuwajibu. Mkono ulipanda wenyewe. Nikagusa mtandio.

"Ndiyo yenyewe!" alisema.

Jengo zima lililipuka kwa vigelegele. Mkurugenzi alimkumbatia huku analia, akasema kwenye kipaza sauti kwamba amerudishiwa utoto wake. Huenda hata yeye aliamini kwa sababu Ulimi amesema. Karatasi alinisogelea sikioni.

"Shoga, mbona kama siyo?"

"Kula tu, dada."

Alinitazama, akamtazama mume wangu, akala. Mume wangu akatia saini ya ruhusa, picha yake ikapigwa, wakasema itawekwa kwenye maboksi.

Tulifika nyumbani jua linazama. Sijamwona na furaha namna ile tangu mtoto wetu wa kwanza azaliwe. Alivua viatu, akaketi kitandani, akapigapiga kitanda pembeni yake niketi.

"Sasa nihadithie," alisema. "Mimi nilisikia baridi tu. Nataka kujua ilivyokuwa. Usiharakishe."

Ningefanya nini? Nikamhadithia ile ya zamani. Niliwaza siku za kufungia, zile zilizovunjika, wanawake kumi na wanne tunazigawana. Na maneno yaliyonigomea jikoni wiki mbili yakaja yenyewe, kwa kuwa sasa hakuna aliyenitega. Nilimwambia unavyobandua karatasi na kipande cha nta kinabaki kwenye mdomo wa chini. Baridi kwanza, hakuna ladha, kisha chungwa linafunguka kwenye mashavu. Uchachu unakupitia pembeni, unakukonyeza, unaondoka. Alikuwa amefumba macho, anameza mate.

"Halafu unafika kwenye kijiti," nikasema. "Unakinyonya, na kile kiukakasi cha mti kinakukaukia ulimini, mpaka unatamani nyingine."

Alifumbua macho.

"Ukakasi gani?"

"Ule wa kijiti. Wote tulikuwa tunausikia."

"Vijiti havikuwa na ukakasi. Nilikuwa navichemsha mwenyewe mara mbili."

"Basi ulikuwa unatoka wapi?"

Niliona mikono yake inafanya kitu hewani, inakusanya, inatupa.

"Maganda," alisema polepole. "Maji ya bomba yalikuwa yananuka kutu. Nilikuwa natupa maganda ya machungwa kwenye pipa la kuchemshia, yaue ile harufu. Halafu nachuja. Ilikuwa ni kusafisha maji tu, mama watoto. Sikuwahi kuyahesabu."

Na mimi sikuwahi kuuhesabu ukakasi. Siku zote jikoni tuligandisha barafu kwenye trei, bila kijiti, kwa hiyo sikuutarajia humo. Tulikuwa nalo jibu ndani ya nyumba, nusu kwake na nusu kwangu, na kila mmoja aliona nusu yake haifai kutajwa.

"Maji yao yanachujwa mara tatu," akasema. "Hayana hata harufu."

"Najua."

"Na leo, ulipofika kwenye kijiti?"

Nilitazama dirishani.

"Nakuuliza."

"Ulikuwepo," nikasema, lakini sauti ilinisaliti, na mwanamume aliyeishi nami miaka arobaini hahitaji ulimi kunijua nikidanganya.

Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Alikaa tu, mabega yameshuka, anatazama viatu vyake vya sherehe. Nilitaka kusema nilifanya hivyo kwa ajili yako, nikaona nitazidisha. Nikasema, "Bado mapema. Mpigie. Mwambie maganda."

Akachukua simu. Aliishika muda, kidole juu ya jina. Nilijua anachowaza, maana nami nilikiwaza: atasema amekumbuka baada ya kula kiapo mbele ya watu wote? Atamwambiaje yule binti aliyemlilia begani kwamba kile alicholilia sicho?

Simu ikaita mkononi mwake. Alishtuka, akabonyeza, sauti ya mkurugenzi ikajaa chumbani.

"Babu! Magari yametoka sasa hivi, yote matano. Maduka yanapiga simu wanataka zaidi. Nilitaka tu kukusikia kabla sijalala, maana leo nalala mapema kama mtoto. Babu, niambie tena. Ndiyo ile kweli?"

Mume wangu alinitazama. Nilimwashiria kwa kichwa kumhimiza, sema, sema maganda. Alifungua mdomo, akaufunga, akalamba midomo.

"Ndiyo yenyewe, mwanangu," alisema. "Lala salama."

Akaiweka simu kifudifudi juu ya kitanda, akafumba macho tena.

"Endelea, mama watoto. Ulikuwa umefika kwenye kijiti."

Nikaendelea.